Maziwa ya Kibuyu na Mzabibu wa Mama

"We binti, unanunua au unasugua?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee mmoja wa baraghashia anayeuza matunda pale sokoni Mugumu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimesimama mbele ya boksi lake la zabibu zilizotoka Dodoma, nimeshika kichala kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba cha kulia kinafuta punje moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Zabibu huja na weupe wake mwepesi juu ya ganda, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Ukiufuta, ganda linang'aa, zima, halina doa. Huo ni weupe wa kuzaliwa nao, hauna ubaya wowote. Nalijua hilo vizuri. Ila kidole changu hakikutaka kunisikiliza, kilitaka kuhakikisha punje zote.

"Nanunua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi lipia kwanza, ukasugulie kwenu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana kwenye kucheka sina shida. Pale ninaposhona nguo wenzangu wananiita Redio. Lakini niliporudi na mfuko wangu nilipita kwa mama anayeuza maziwa mgando, naye ndiyo kwanza alikuwa anafungua kibuyu. Mnaijua ile harufu, ya maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la moto, chachu na moshi kwa pamoja. Ikaingia puani wakati mkononi nimebeba zabibu. Nikakaa kwenye ngazi za duka la watu, nikalia mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

Harufu ya maziwa hayo na ya zabibu nilizikuta pamoja mara moja tu maishani, nyuma ya nyumba yetu Nyambureti, msimu ule mzabibu wa mama ulipozaa kwa mara ya kwanza.

Mama ni Mgogo. Baba ni Mkurya, fundi wa kujenga, na alimpata mama huko Dodoma alikokwenda kwenye kazi. Kwao mama wanalima zabibu kama sisi tunavyolima mihogo. Mama yake, yaani bibi yangu wa Dodoma ambaye sikuwahi kumwona, hakuipenda safari ya mwanae kwenda kuolewa mbali. Siku ya kuondoka alimwambia mbele ya watu, "Nenda. Ila huko unakokwenda hata mzabibu hauoti. Siku utakayoniletea kichala ulichokiotesha huko kwa mikono yako, nitakula, na nitakubali kwamba huko ni kwako. Kabla ya hapo usije ukaniambia una nyumba."

Wengine wangesema hayo ni maneno ya hasira, yapite. Mama hakuyaacha yapite. Alikata vijiti kwenye shamba la kwao, akavifunga kwenye kanga iliyolowana, akapanda navyo basi. Vingi vilikauka. Kimoja kikashika, kikatoa majani, mbuzi wakala. Kikachipua kutoka chini, mbuzi wakala tena. Mimi nikazaliwa, nikatambaa, nikaanza shule, na bado mzabibu wa mama ulikuwa unaota na kuliwa. Mwishoni baba akauzungushia uzio wa miba mahali ulipokuwa, kwenye upenyo kati ya jiko na ukuta wa zizi. Akausimamishia kichanja cha miti, ukapanda. Ukapanda kweli! Majani yakafunika kichanja chote, chini yake pakawa na kivuli kizito, baridi, na mimi nikapafanya nyumba yangu ya kuchezea. Nilidhani hakuna mahali pazuri pa mti kuishi kuliko pale. Jua halifiki, upepo haufiki, mbuzi hawafiki. Mtoto anajua nini.

Watu walimtania mama hawakumwacha. Jirani yetu Mama Robhi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa akisimama nje ya uzio.

"Mgogo! Hiyo kamba yako itazaa lini? Au unatuotea ya kufungia ndama?"

"Itazaa, Mama Robhi."

"Ikizaa unapeleka wapi?"

"Kwa mama."

"Dodoma? Zabibu kwenda Dodoma?" Hapo angejipiga mapaja. "Si bora unitume mimi nibebe samaki nipeleke Musoma!"

Mama alikuwa akicheka naye. Ila nilijua kwamba kile kichala hakikuwa cha mchezo. Jioni alipokuwa akinisuka aliniambia namna tutakavyokwenda: atakifunga kwenye majani ya mgomba, atakipakata basi zima, asikiweke chini hata akisinzia. Tutafika, atapiga magoti, atakiweka mapajani mwa mama yake, asiseme neno. Mimi nitasimama nyuma. "Atakuuliza wewe ni nani," aliniambia, "na wewe utasema, mimi natoka kwetu, Nyambureti." Nililifanyia mazoezi jibu hilo mpaka kuku walilijua.

Pale nyumbani mwenye sauti alikuwa Bibi, mama mzaa baba. Hakuwa mkali wa kupiga, alikuwa mkali wa kunyamaza. Alimwita mama "Mgogo" tu, kama jina la ubatizo. Mgogo, lete chumvi. Mgogo, ndama amefunguka. Ng'ombe walikuwa wake, maziwa yalikuwa yake, na vibuyu vya maziwa vilivyoning'inia ukutani kwake hakuna mwingine aliyevigusa. Alivifukiza mwenyewe, akavijaza mwenyewe, na kimoja kikubwa chenye shanga shingoni kilikuwa cha wageni wa heshima. Mimi nilikunywa humo siku nilipougua surua. Mara moja hiyo.

Basi mzabibu ukazaa. Punje zilikuwa ndogo za kijani, ngumu kama mbaazi, vichala vinaning'inia juu ya kichwa changu. Mama alivihesabu kila asubuhi kwa kuvigusa kwa ncha ya kidole. Hata kutembea kwake kulibadilika. Akawa anaimba kwa Kigogo akisaga, na Bibi kule ndani anakohoa kikohozi cha kumwambia apunguze.

Asubuhi moja nikaingia kwenye nyumba yangu ya majani, nikaona kitu kipya. Juu ya majani machanga palikuwa na weupe. Haukuwa umande, ulikuwa mkavu, laini, kama mtu amepitisha chekeche la unga pale usiku. Na kwenye punje pia. Akili yangu ikafanya kazi haraka sana. Nilikuwa nimeambiwa zabibu ni tamu kuliko muwa. Sasa utamu unatoka wapi? Si ndiyo huu unaanza kutoka nje! Nikakimbia jikoni.

"Mama! Mama njoo! Mzabibu umeanza kutoa sukari!"

Mama akaja na mikono imejaa unga wa ugali, anacheka, ananiuliza kama nimeshailamba. Akainama kuingia. Sijasahau namna kile kicheko kilivyoondoka. Hakikuondoka ghafla. Kilibaki mdomoni kidogo wakati macho yameshabadilika, kama mgeni ambaye hajajua kwamba wenyeji wamepata msiba.

Akafuta jani moja kwa kidole gumba. Weupe ukatoka. Chini yake jani lilikuwa na madoa ya kahawia, yamesambaa kama utando wa buibui. Akafuta punje. Yale yale, makovu ya kahawia kwenye ganda. Akageuza majani mengine, yale machanga kabisa kwenye ncha, yalikuwa yameanza kujikunja kama masikio ya mtoto wa mbuzi. Akayafuta moja moja, akafuta kichanja kizima siku ile, ugali ukaungua. Kesho yake asubuhi weupe ulikuwa umerudi.

"Siyo sukari?" nikamuuliza.

"Siyo sukari, mwanangu."

Simu ya nyumba yetu ilikuwa ya kitochi, imening'inizwa kwa kamba dirishani kwa sababu hapo ndipo mtandao uliposhika. Mama akampigia kaka yake Dodoma, akiwa amesogeza sikio dirishani, na mimi chini ya kiwiko chake nasikia yote.

"Unga mweupe juu ya jani, ukiufuta unarudi?" mjomba akasema. "Huo ni ubwiri unga, dada. Huku tunaupulizia salfa. Hapo kwenu salfa ipo?"

Baba alikuwa ameshauliza Mugumu. Kuna dawa za mahindi, za pamba, za kuogeshea ng'ombe. Ya zabibu, muuza duka alimcheka: nani analima zabibu huku?

"Haipo," mama akasema.

"Basi tumia maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa mabichi. Kikombe kimoja, vikombe tisa vya maji. Usizidishe. Nyunyiza asubuhi jua linapopanda, juu ya jani na chini ya jani, ukae kama wiki, urudie. Lakini kwanza kata majani, dada. Yafunue, upepo upite, vichala vione jua. Yaliyougua yachome moto, usiyaache chini yakaambukiza. Kwani umeupanda mahali gani, pana jua?"

Mama akageuka kutazama kule kwenye kichanja. Mjomba akashusha sauti, "Mama hajambo ya kusema hajambo. Koo linamsumbua. Chakula hakishuki vizuri. Juzi aliuliza kama mzabibu wako umezaa."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia umezaa. Akasema, basi nitakisubiri hicho kichala."

Kuanzia hapo mama hakuimba tena akisaga.

Alikata majani mengi mpaka nyumba yangu ikabomoka, mwanga ukaingia kila mahali, nikanuna. Aliyachoma nje ya uzio. Kisha akaenda kwa Bibi, na nilimfuata kwa sababu nilitaka kuona. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasafisha kibuyu.

"Mama, naomba kikombe cha maziwa."

"Una mgonjwa?"

"Ni ya mzabibu, mama."

Bibi akaacha kusafisha. Alizungumza Kikurya, polepole, ili mama asikose hata neno. "Maziwa ya ng'ombe yamwagwe kwenye mti."

"Siyo kumwaga, mama. Kunyunyiza. Nachanganya na maji kwanza, kidogo tu..."

"Na maji!" Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Amabere, unayatia maji? Wanaotia maji kwenye maziwa tunawajua, wanauza stendi. Kwenye mji huu haijawahi kutokea. Na maziwa yakigusa ardhi ng'ombe anajua, Mgogo. Anajua na anakauka. Nani atakuja kuniambia ng'ombe zangu zimekaukia kwenye kamba ya Dodoma?"

Mama akasema ndiyo mama, akatoka. Sikuona ubaya kwa Bibi na sioni hata leo. Kwake maziwa hayakuwa kitu cha kupimwa na vikombe. Ungeweza kumwomba shuka aliyojifunika, angekupa.

Aliyetoa maziwa ni Mama Robhi, nani angedhani. Alijaza kikombe mpaka juu, akampa mama kwa mikono miwili. "Chukua. Siku mti ukilia mooo, uniite nije nikamue."

Mama alinyunyiza kwa mfuniko wa chupa aliotoboa kwa msumari wa moto. Maji yalikuwa na weupe hafifu, huwezi hata kuyaita maziwa. Jua la asubuhi lilikuwa limeanza kupita kwenye matawi yaliyopunguzwa, matone yanawaka kidogo halafu yanakauka. Alirudia, na akarudia tena. Na ukweli lazima usemwe: ulianza kupona. Majani mapya kwenye ncha yalitoka safi, hayana kitu, yamefunguka kama kiganja. Baadhi ya vichala vilikuwa vimeshaharibika, maana punje ikishaguswa na ule ugonjwa ganda linakakamaa, halikui tena, na ndani kunaendelea kukua, basi inapasuka mpaka mbegu unaziona. Lakini juu kabisa, kwenye kona ya kichanja ilipopata jua zaidi, kulikuwa na vichala vichache vyenye makovu kidogo tu. Kimoja kati ya hivyo mama alikifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Hakusema ni cha nani.

Kumbe maneno yalikuwa yanatembea. Mashineni, kwenye foleni ya kusaga, mwanamke mmoja alimuuliza Bibi mbele ya watu, "Ni kweli mkamwana wako anaomba maziwa kwa majirani? Ng'ombe zenu zimekufa?" Bibi alirudi na unga wake kichwani, akapita moja kwa moja mpaka kwenye uzio, akasimama. Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda Busawe kwenye msiba wa mtu wa kanisani, na angelala huko. Bibi aliutazama mzabibu kwa muda mrefu. Sijui kama aliwahi kuutazama kabla ya siku hiyo. Alishika jani jipya, akaligeuza. Akaona uzi mwekundu.

"Huu ni wa nini?" akaniuliza.

"Ni kichala cha mama yake mama. Anaumwa koo. Mama atampelekea."

Bibi akauachia uzi. "Na kwa nini hakuniambia mama yake anaumwa?"

Mama alikuwa hamwambii mtu.

Akaenda ndani kwake, akarudi amebeba kibuyu kikubwa, kile cha shanga. Jua lilikuwa utosini. Akanipa sufuria nishike, akafungua kibuyu, na ile harufu ikatoka, ya moshi na chachu, maziwa yametoka mazito, yamekatika vipande vipande, kama anavyopewa mgeni wa mbali.

"Mgonjwa hapewi maji," Bibi akasema, akiongea na mti siyo na mimi. "Nani anampa mgonjwa maji yenye rangi? Mgonjwa anapewa maziwa ya kweli."

Akachota kwa kiganja. Akapaka kichala cha kwanza, punje kwa punje, kwa vidole vile vilivyopinda, kama unavyompaka mafuta mtoto mchanga kwenye mikunjo ya shingo. Akapaka cha pili. Alifika kwenye kile chenye uzi mwekundu, akakipaka kuliko vyote, huku anasema kwa Kikurya, "Kunywa, upone. Kunywa, uive. Umtoe huyu mtoto wa watu aibu." Yaliyobaki akayamimina kwenye shina. Yakagusa ardhi. Bibi yangu, yule aliyesema ng'ombe anajua. Akageuka kutazama zizini, akasubiri kidogo kama mtu anayengoja kuitwa, halafu akafunga kibuyu chake.

Mimi nilicheza. Niliruka pale chini ya kichanja, maziwa yananidondokea kichwani, nacheka, kwa sababu nilielewa kabisa kilichotokea: Bibi amempenda mama. Hilo sikukosea. Kila kitu kingine nilikosea.

Mama alirudi kesho yake jioni. Alisikia harufu kabla ya kuona. Mti wote ulikuwa na nzi. Sisimizi walikuwa wamepanga njia kutoka ardhini mpaka kwenye vichala, maziwa yameganda juu ya punje, yamekauka njano, na pale ganda lilipokuwa na nyufa za ugonjwa yameingia ndani na kuanza kuchacha. Alisimama na kitenge chake cha msibani, hajaweka hata mkoba chini.

Bibi akatoka kwake. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake, kwa hiyo hakikukaa vizuri usoni.

"Sasa utapona, mwanangu," akasema. "Nimeupa ya kibuyu. Siyo yale maji yenu."

Mwanangu. Miaka yote ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mama akatazama vichala, akamtazama Bibi, akatazama vichala. Halafu akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kama alivyokuwa akiniambia atapiga Dodoma.

"Asante, mama."

Machozi yalikuwa yanamtoka na nilidhani ni furaha. Nilimwambia hata baba aliporudi: mama alifurahi mpaka akalia.

Alfajiri nilimkuta anaosha. Alikuwa na ndoo na kitambaa cha kanga, anafuta punje moja baada ya nyingine, polepole, zinamkatikia mkononi. Kila iliyokatika aliiweka kwenye upande wa kanga yake, hakutupa. Zilizobaki zikaota ukungu mwingine, wa kijivu wenye manyoya, siyo ule wa kwanza. Zikalainika, zikaanza kudondosha maji. Harufu ile ya moshi, chachu na tunda lililooza ikakaa nyuma ya nyumba, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na mimi bado nilikuwa nadhani ni harufu ya dawa ikifanya kazi.

Mjomba aliposikia kwenye simu aliuliza, "Ya mgando? Mazito hivyo hivyo? Mchana?" Kisha akasema, "Dada, dada."

"Mwambie mama anisubiri msimu mwingine," mama akasema. "Nimeshajua dawa yake sasa. Nitauhamishia juani. Mwambie."

"Nitamwambia."

Sijui kama alimwambia. Uzi mwekundu ulikuwa bado unaning'inia kwenye kikonyo kikavu siku simu ilipolia mapema na mama akaipokea, akasikiliza, akairudisha kwenye kamba yake kwa uangalifu mno, kama kitu cha kuazima.

Baba alimwambia aende akazike. Alikuwa ameshapata mtu wa kumpeleka stendi.

"Nitaenda na nini?" mama akauliza.

"Utaenda na wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe hakuniomba."

Hakwenda. Bibi alikuja akakaa naye kitandani siku nzima, amemshika mkono, na ndipo alipouliza kuhusu mti, kwa nini umekataa kupona ilhali ulipewa dawa. Mama alisema, "Ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani, mama. Tulichelewa." Kisha akanitazama mimi, nikiwa mlangoni, kwa namna ambayo nilielewa bila kuambiwa. Aliniambia baadaye hata hivyo: Bibi asijue kwamba kilichoviozesha vichala ni kibuyu chake. Leo, kesho, asijue.

Mzabibu haukufa wenyewe. Ulichipua tena, ukapata weupe tena, na mama akawa anapita pale na ndoo yake ya maji bila kugeuza shingo. Ile miba ya uzio ilipungua, mmoja mmoja, ikaingia jikoni. Mbuzi wakamaliza walichokuwa wamekianza kabla sijazaliwa.

Mimi ni mtu wa kuota ndoto, sikatai. Nikishona, akili yangu iko kwenye shamba. Naona kichanja changu mahali pa wazi ambapo jua la asubuhi linafika na upepo unapita. Naona nikipunguza matawi kabla ya mvua, nikiokota kila jani lililoanguka, nikinyunyiza yale maji yenye weupe hafifu mapema, kabla unga haujaonekana, maana ukishaonekana umechelewa kidogo. Yote nayajua. Mwaka jana nilimwambia mama niagize kijiti kwa mjomba, tuanze upya, mimi nitautunza. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Ukizaa utampelekea nani?" akaniuliza.

Nikacheka, nikabadilisha maneno. Hiyo ndiyo kazi ya kicheko changu, kwa kweli.

Siku ile ya sokoni sikurudi kazini. Nilipanda bodaboda mpaka Nyambureti na mfuko wangu wa zabibu mapajani. Bibi siku hizi haoni. Anakaa mlangoni, mama anamwogesha, anamlisha, anamwambia nani amepita njiani. Nilimsalimu, nikaziosha zabibu, nikazileta kwenye bakuli. Mama aliona ni nini, akaketi.

Bibi akatia punje mdomoni. Alitafuna kwa fizi, akaacha, akatafuna tena.

"Ndiyo hizi?"

"Ndiyo hizi, mama."

"Ule wako ungepona zingekuwa hivi?"

"Zingekuwa hivi hivi."

Bibi akatikisa kichwa, muda mrefu, macho yake meupe yameelekea kule zizini. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikunyima siku ya kwanza ulipokuja kuomba. Ningetoa kibuyu siku ile ile, ungepona. Mama yako angekula. Nalala nalo hilo kila siku."

Nilimtazama mama. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda nilidhani atasema. Lakini aseme nini? Lipi lingekuwa jepesi kwa mzee yule kulala nalo, kosa la kunyima au kosa la kile kibuyu?

Mama alichukua punje kwenye bakuli. Akaifuta kwa kidole gumba, ikang'aa. Akaifuta tena. Akaigeuza upande wa pili, akafuta na huko, kisha akaushika mkono wa Bibi, akaufungua, akaiweka katikati ya kiganja na kuvifunga vidole vyake vilivyopinda juu yake.

"Kula, mama," akasema. "Hii ndiyo kubwa."